Mtani wa Mtaa Mzima

Mzee Bakili hakuiba. Hilo tuliweke wazi kabla ya kuendelea, maana Kariakoo likitajwa neno mwizi, miguu hutangulia na maswali hufuata baadaye sana. Alichofanya ni hiki: asubuhi, kanzu safi, kofia imekaa sawasawa, alifika kwenye duka la vitambaa la Yogesh, akayapapasa majora yaliyosimamishwa mlangoni, akachagua moja la maua ya bluu, akalitia begani na kuondoka zake. Hakukimbia wala hakuangalia nyuma. Alitembea kama fundi cherehani anayewahi kazini, na kichwani mwake ndivyo ilivyokuwa, ingawa cherehani chenyewe kilishauzwa na baraza alilokuwa akishonea limeshabomolewa likageuzwa ghorofa.

"Mzee! Wee mzee! Jora hilo!" aliita muuzaji wa Yogesh.

Mzee Bakili akainua mkono bila kugeuka. "Njoo jioni uchukue gauni lako!"

"Mwizi!"

Nani aliyetia neno hilo, hakuna anayejua mpaka leo, na ukiuliza kila mtu atakwambia hakuwepo. Lakini walikuwepo wote. Muuza soksi aliacha soksi zake. Wapagazi walitua mizigo. Vijana waliokuwa wakibishana kuhusu mpira tangu asubuhi wakapata ghafla jambo la kukubaliana. Mzee akajikuta katikati ya duara, kofia iko chini, mtu kamkamata ukosi wa kanzu.

"Umri wote huo, mzee wangu, huna hata haya?"

Kofi la kwanza likamfika shavuni. Lilikuwa kofi dogo, la kuonja tu. Mzee Bakili akashika shavu na kumtazama aliyempiga, si kwa hasira, bali kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa usingizini kwenye nyumba isiyo yake.

Hapo ndipo Klara alipotupa mwiko. Klara ni Mngoni wa Songea, mjane, anauza chai na vitumbua kwenye kona ile, na sauti yake ukiisikia ukiwa mtaa wa Gerezani unaweza kudhani amesimama nyuma yako. Nyumba yake na ya Mzee Bakili zinatenganishwa na ukuta mmoja. Akaupasua umati kwa viwiko.

"Mwachieni mateka wangu! Nani kawapa ruhusa ya kumpiga mateka wa Mngoni? Hawa Wayao tuliwateka sisi tangu enzi za babu zetu. Wa kupigwa wapo, lakini tunawapiga wenyewe!" Akamshika mzee mkono. "Na wewe! Umetoroka tena, mvivu mkubwa?"

Macho ya Mzee Bakili yakawaka. "Ondoka hapa, Mngoni mchafu! Sisi ndio tuliowakimbiza nyinyi mpaka mkaacha ngao njiani!"

Umati ukapasuka kwa kicheko. Aah, kumbe watani! Nani katika nchi hii asiyejua utani? Makabila yaliyopigana zamani yakishapatana, watu wake hutukanana mchana kweupe, hunyang'anyana sahani ya pilau msibani, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Mwenye soksi alirudi kwenye soksi. Aliyepiga kofi aliokota kofia, akaipangusa vumbi na kumvika mzee kichwani, "samahani, babu."

Yogesh alikuwa ametoka dukani, miwani imemshuka puani. Ni mtu wa makamo, amehamia mtaa ule juzijuzi tu, na alikuwa na swali la haki kabisa.

"Mama, nimeelewa, nyinyi ni watani. Lakini mimi si Mngoni. Mimi Mhindi wa Upanga. Jora langu limeingiaje?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Klara naye alicheka, tena kwa sauti, huku mkono wake ukiwa bado umeshika kifundo cha mkono wa mzee. Akalichukua jora, akamrudishia mwenyewe.

"Nitakuja kukueleza, baba," alimwambia kwa sauti ya chini, na kicheko kikamwisha.

*

Zulekha, mke wa Mzee Bakili, alikuwa uani anapeta mchele. Aliposimuliwa, akacheka kabla hata habari haijafika mwisho.

"Mume wangu na utani wake! Atakuja kuniua kwa kicheko."

"Mama Khalfani," alisema Klara, "leo hakuwa anatania."

"Sasa alikuwa anafanya nini?"

"Nimetukanana na mumeo miaka yote hii. Namjua akitania anavyokaa mdomo. Leo nilianza mimi, ndiyo yeye akanifuata. Kabla ya hapo hakujua yuko wapi."

Zulekha aliendelea kupeta, ingawa kwenye ungo hakukuwa tena na pumba. Maana habari yenyewe aliijua vizuri kuliko Klara. Mwaka mzima alikuwa akiifunika. Mzee akimwita mwanawe Khalfani kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufa, Zulekha husema ni utani. Akienda msikitini na koti la mvua jua linawaka, utani. Akimaliza sahani ya wali, akanawa, kisha akatangaza barazani kwamba katika nyumba hii mtu anaweza kufa njaa, majirani hucheka na Zulekha hucheka nao, halafu huingia ndani na kukaa kitandani peke yake. Majina ya watu yalimtoka mzee moja baada ya jingine, naye akapata dawa yake: akawaita wote mtani. Mtaa mzima ulimpenda zaidi kwa hilo.

"Kwa hiyo unasema mume wangu ni chizi," alisema Zulekha.

"Sijasema hivyo."

"Utasema nini basi? Nikitoka hapo nje nikasema mume wangu akili zimemruka, unajua wataitikia nini? Limbwata! Watasema Zulekha kamlisha mumewe limbwata ili ampende, dozi ikazidi. Nitauweka wapi uso wangu, Klara?"

Klara alijua ni kweli wangesema. Yeye mwenyewe, kama angekuwa mwanamke mwingine wa mtaa mwingine, pengine angekuwa wa kwanza kulisema.

Mzee Bakili alichungulia kutoka ndani. "Huyu Mngoni bado yupo? Mpeni mifupa aende."

Jioni akaja Khalfani. Ana duka la vipuri vya magari kule Gerezani, na habari ilimfika ikiwa tayari imenenepa: kwamba baba yake ameiba majora matatu, amepigwa, kafa, kafufuka. Alimsalimia mama yake, shikamoo, marahaba, akamsalimia Klara, kisha akatoa mfukoni kufuli jipya na kuliweka mezani.

"Kuanzia kesho hatoki."

"Baba yako si mbuzi," alisema mama yake.

"Mama, leo Mama Klara alikuwepo. Kesho je? Pale hawaulizi umri. Watampiga hadi wamuue, halafu ndiyo waulizane alikuwa nani." Akajifanya anakohoa. "Sitaki kuja kumwokota baba yangu barabarani."

Mzee Bakili alilinyanyua lile kufuli, akaligeuzageuza. "Zuri," alisema. "La nani?"

*

Kufuli lilifungwa, na kwa siku chache nyumba ile ikawa na mahabusu mwenye kelele kuliko wote jijini. Dirisha linatazama barabara. Mzee alisimama hapo toka asubuhi.

"Mtani! Ee, mtani wa madafu! Niitie polisi. Kuna mwanamke amenifungia humu, simjui, ila anapika vizuri."

Wapita njia walicheka. Zulekha jikoni alisikia, na neno simjui likamchoma palepale alipokuwa amesimama. Hakujua kama lile ni la utani au la kweli. Siku ya kwanza alijiambia ni utani. Siku iliyofuata hakujiambia kitu.

Halafu mzee akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomtisha. Alikaa kwenye kiti akichezea pindo la kanzu, anakunja, anakunjua. Chakula alikigusa tu. Klara alipita dirishani akamrushia tusi zito, lile la mateka, ambalo siku nyingine lingemfanya aruke. Mzee akamtazama kwa adabu.

"Karibu, mama," alisema.

Klara aliingia moja kwa moja mpaka jikoni. "Vaa baibui. Mwite Khalfani. Tunaenda hospitali, na ukisema ni utani nakuzaba kibao."

*

Daktari aliwapokea kwenye kliniki moja huko Upanga. Aliitwa Neha, mwanamke mdogo mwenye sauti ya upole na viatu vya raba. Zulekha na Khalfani waliketi pembeni. Klara alibaki nje akizozana na mlinzi kuhusu benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa nini?"

Daktari akacheka. "Leo naomba nikuulize wewe." Akamuuliza jina na alikozaliwa, akaandika majibu. "Leo ni siku gani?"

"Hospitali nzima hii hamna kalenda?"

"Tuko mji gani, mzee?"

"Bongo. Kwani wewe umepotea?"

Khalfani aliinama akicheka. Hata Zulekha alitabasamu. Ona, mtu mgonjwa anajibu hivi? Daktari akamwomba mzee akumbuke vitu vitatu: sufuria, ndizi, kiatu. Akampa karatasi achore uso wa saa. Mzee alichora duara zuri la fundi, kisha namba zote kumi na mbili akazirundika upande mmoja, zikabanana.

"Na huku kwingine, mzee, mbona patupu?"

"Huku ni saa za kazi. Huku ni mapumziko."

"Haya. Na vile vitu vitatu nilivyokwambia, ni vipi?"

"Uliniambia? Mimi siri za wanawake sizitoi."

Daktari alicheka kwa kweli, akaiweka kalamu chini. Akamwomba muuguzi ampeleke mzee kupima presha na damu. Mlango ulipofungwa, akavuta kiti karibu na Zulekha.

"Mama, mzee ana utani mzuri sana. Umeona anautoa wakati gani?"

Zulekha alimgeukia Khalfani.

"Nilipomuuliza jina lake, alinijibu tu. Kijiji alichozaliwa, kule Tunduru, akanieleza mpaka mto. Kila nilipouliza asichokijua, ndipo alipotania."

Zulekha alitazama ile saa kwenye karatasi, namba zake zimesongamana upande mmoja. Mwaka mzima alikuwa akicheka mahali ambapo mumewe alikuwa akizama. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Daktari," alinong'ona, ili mwanawe asisikie, "limbwata inaweza kufanya hivi?"

"Hapana, mama. Wala uchawi. Wala si uzee peke yake. Wapo wengi wanaozeeka na kumbukumbu zao. Huu ni ugonjwa, uko kwenye ubongo, unaula kidogo kidogo. Tutapima damu, tutapiga picha ya kichwa, tutaangalia presha, sukari, macho na masikio, kwa sababu yapo mambo yanayouzidisha na hayo tunaweza kuyarekebisha. Lakini sitakudanganya. Hatuna dawa ya kumrudisha alivyokuwa."

"Basi tuendelee kumfungia," alisema Khalfani, macho chini.

"Kumlinda ni sawa. Barabara zenu mnazijua. Lakini mtu huyu ukimnyima watu, kutembea na kuongea, atashuka haraka zaidi. Umeona mwenyewe alivyonyamaza. Wanaomzunguka wakijua, wataweza kusaidia. Wanajua?"

Mama na mwana walitazamana.

*

"Siwezi," Zulekha alimwambia Klara walipofika nyumbani. Mzee alikuwa amelala, amechoka na safari. "Kupita duka kwa duka nikitangaza maradhi ya mume wangu? Ulimi utanikauka."

"Nani kasema upite wewe? Mtani ni wa kazi gani? Kwenye msiba wenye msiba wanalia, na mtani ndiye anayesema yasiyosemeka. Hili ni langu."

Khalfani alipinga, watu watamcheka baba. Klara akamwambia wameshamcheka mwaka mzima bila kujua wanacheka nini, sasa wacheke wakijua. Kijana akafikiri, akasema basi mlango utafunguliwa asubuhi, baba atoke na mtu, na ole wake atakayempoteza.

Klara alijifunga khanga kiunoni, akatoka na sufuria na mwiko. Alianzia kwa muuza soksi na hakuruka meza hata moja.

"Sikilizeni! Mateka wangu Mzee Bakili anaumwa. Ubongo unaumwa, kama figo inavyoumwa, kama moyo unavyoumwa. Si wazimu. Si limbwata, na atakayetaja limbwata deni langu la vitumbua alilipe leo!" Meza mbili tatu zikatazama pembeni. "Akichukua kitu chako, hajaiba. Usibishane naye, hutashinda, mimi mwenyewe sijawahi. Mwambie: mateka wewe, twende kwa mwenyewe. Atakutukana, atakufuata. Mniletee mimi."

"Na mimi ambaye si Mngoni?" aliuliza mpagazi mmoja.

"Kabila gani?"

"Mhaya."

"Leo nimekupa Ungoni. Usiniangushe."

Kwa Yogesh aliingia ndani kabisa, akamweleza taratibu bila sufuria. Yogesh alisikiliza, akavua miwani. Alisema bibi yake mzaa baba alikuwa akivaa sari ya sherehe kila jioni akingoja gari la harusi yake, na nyumbani hawakuruhusu mgeni yeyote amwone mpaka alipofariki. Kisha akaomba aandikiwe tusi la Kingoni.

"Haliandikwi," alisema Klara. "Linatoka tumboni."

*

Siku kadhaa mambo yalikwenda. Mzee alitoka na Zulekha, akatukanwa njia nzima, akarudi na hamu ya kula. Mpaka asubuhi moja Zulekha aligeuka kuchagua nyanya, akageuka tena, na mumewe hayupo.

Aliita. Alikimbia huku, akarudi, akakimbia kule. Baibui lilikwama kwenye toroli, likachanika, hata hakulitazama. Kichwani aliona barabara ya mwendokasi, mabasi yale marefu yasiyopiga breki ovyo. Aliona duara la watu. Alimpigia Khalfani, naye akaja mbio. Klara aliacha mafuta jikoni yakiungua. Watatu hao walizunguka mpaka jua likawa juu ya utosi, na mwisho Zulekha akakaa kwenye ngazi za nyumba yake.

"Ni mimi," alikuwa akisema. "Ni mimi niliyemfungulia."

Basi hapo ndipo walipokuja. Mbele Mzee Bakili, ana chungwa mkononi, anatembea kama mgeni rasmi. Ubavuni Yogesh, amemshika kiwiko, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Nyuma yao mpagazi Mhaya na muuza soksi, kila mmoja akidai ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa kituo cha mwendokasi akingoja basi la Tunduru. Muuza soksi alimkalisha kwa matusi, mpagazi akamvusha barabara, akapokelewa dukani kwa Yogesh, akapewa chungwa.

Yogesh alisimama mbele ya ngazi, akajikohoza. "Nimemleta mateka. Myao huyu... tulimkamata, ee... mvivu huyu." Akashindwa. "Samahani sana, mzee."

Mzee Bakili akamkagua. "Wewe kabila gani?"

"Mhindi."

"Nyinyi tuliwapiga lini?"

Yogesh akafikiri. "Sikumbuki."

"Hata mimi sikumbuki," alisema Mzee Bakili, akaridhika kabisa.

Klara alicheka huku akilia. Zulekha akasimama, akaufuta uso kwa baibui lililochanika, na kabla hajajua atasema nini ulimi ukamtangulia, mbele ya wote, kwa sauti yake mwenyewe.

"Ahsanteni. Mungu awalipe. Mume wangu ni mgonjwa. Anaumwa ubongo, hatapona, na mimi peke yangu simuwezi."

Lilikuwa limetoka. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyetazama pembeni. Mpagazi alisema pole, mama.

"Nani mgonjwa?" aliuliza Mzee Bakili.

Watu wakatazamana. Klara akamgeukia Zulekha.

"Wewe, Baba Khalfani," alisema Zulekha.

"Ugonjwa gani?"

"Wa kusahau."

Mzee alikaa kwenye ngazi. Walingoja utani. Haukuja. "Na hawa wanajua?"

"Wanajua. Mtaa mzima unajua."

"Mtaa mzima," alirudia. Akaligeuza chungwa mkononi. "Mbona mimi hamkuniambia?"

Khalfani, aliyekuwa amerudi mbio kutoka kumtafuta, akabaki amesimama, pumzi juu juu. Daktari alikuwa amewaambia, nao wamemwambia Mhindi, Mhaya na muuza soksi. Zulekha akakaa kando ya mumewe, bega kwa bega, akaanza kumweleza tangu mwanzo: jora, koti la mvua, ile saa aliyoichora, na namna yeye mwenyewe alivyoogopa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Wengine walijiondokea mmoja mmoja, kimya.

"Basi," alisema hatimaye, "nikisahau, uniambie tena."

"Nitakwambia."

"Usimtume yule Mngoni. Uniambie wewe."